Nistaafu nikifika miaka 55 ili nilipe deni la kadi?

Msomaji wa Tabata Segerea ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Nina miaka 54, nafanya kazi ya uhasibu kwenye kampuni binafsi hapa Dar. Mshahara wangu kabla ya makato ni 1,800,000. Deni la kadi ya mkopo limefika 6,200,000. Lilianza na sendoff ya binti yangu mwaka juzi. Nina mikopo ya mtandaoni mitano, jumla 1,900,000, na mkopo wa mshahara uliobaki 8,400,000. Baada ya miezi minne natimiza 55, na wenzangu wananiambia nistaafu kwa hiari, nichukue mkupuo wa NSSF, nifunge madeni yote nipumzike. Mwingine ananishauri niombe ofisi wanipe barua ya kupunguzwa kazi nipate fao la kukosa ajira. Nina vipande vya UTT, Mfuko wa Ukwasi, kama 7,400,000, lakini hivyo sitaki kuvigusa, ni akiba yangu ya uzeeni. Baba watoto anajua mkopo wa mshahara tu. Nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu. Jibu langu ni hili: usistaafu, uza vipande vyako vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Najua ni kinyume kabisa cha ulivyopanga. Akiba inayoruhusiwa kuguswa umeifungia kabatini, na ile isiyofaa kuguswa ndiyo unataka kuivunja kwa nyundo. Nitakuonyesha hesabu uipime mwenyewe, wewe ni mtu wa vitabu vya hesabu.

Tuanze na mkupuo, ile sehemu ya pensheni ambayo mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF unakulipa yote kwa mara moja, maana ndio unaokuwasha. Unakumbuka kelele za 2018, kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, cha mkupuo wa asilimia 25 kilipotoka na Rais Magufuli akakisitisha Desemba mwaka ule. Baada ya hapo zikaja kanuni za 2022 zilizooanisha mifuko yote, na hizo ndizo zinakuhusu. Wanachukua wastani wa mishahara yako mizuri ya miaka mitatu ndani ya kumi ya mwisho, wanazidisha kwa miezi uliyochangia, wanagawanya kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni yako ya mwaka. Sehemu yake, asilimia 33 kwa kanuni zile, inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12 na kulipwa kila mwezi hadi mwisho wa maisha yako. Mwaka 2024 asilimia ya mkupuo iliongezwa. Mimi nitatumia 33, ili ukienda NSSF ukakuta mkupuo ni mkubwa zaidi, iwe nyongeza na si pengo. Ila kumbuka mkupuo ukipanda, ya kila mwezi inashuka.

Umesema ukifika 55 utakuwa na michango ya miezi 240. Mshahara wako kwa mwaka ni 21,600,000. Zidisha kwa 240, gawanya kwa 580, unapata 8,937,931. Mkupuo unakuja kama milioni 36.9. Pensheni ya mwezi, kama 499,000.

Najua umeshaona kitu hapo. Madeni yako yote ni milioni 16.5. Ukilipa kila kitu unabakiwa na milioni 20 mkononi, bila deni hata la shilingi. Wenzako hawakudanganyi, hesabu yao ni ya kweli. Shida ni kwamba wameishia siku ya kulipa madeni, hawakuhesabu kesho yake.

Sasa hivi, ukishakatwa NSSF 180,000 na kodi 314,000, unachukua nyumbani 1,306,000 kabla ya marejesho ya mkopo. Ukistaafu unachukua 499,000. Kwa miezi 60 kati ya 55 na 60, mshahara ungekupa milioni 78 na kidogo, pensheni itakupa karibu milioni 30. Pengo ni milioni 48. Ongeza kwamba ukifika 60 kazini utakuwa na miezi 300 badala ya 240, na hata mshahara usipopanda hata senti, mkupuo unakuwa milioni 46 na pensheni 624,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kukimbia deni la milioni 16.5 kunakugharimu milioni 48, halafu milioni 9 ya mkupuo, halafu laki moja na robo kila mwezi hadi uzeeni kabisa. Na hapo sijagusa bima ya matibabu ya kazini, ambayo umri wa miaka 57 au 58 ndio unaanza kuijua thamani yake.

Tena hizo milioni 20 zinazobaki hazitakaa. Nimewaona wengi waliopokea mkupuo hapa mjini. Wiki ya kwanza hakuna anayejua. Wiki ya tatu shemeji ana wazo la bajaji, mtoto wa dada ana wazo la kuku wa mayai, na kiwanja cha Chanika ambacho kilikuwa kinauzwa milioni 4 ghafla kwako kinauzwa 7. Sisemi wewe ni mjinga. Nasema pesa ya mkupuo ina harufu, na ndugu zetu wana pua.

Ningekwambia staafu kama ungekuwa mgonjwa, au kampuni inafungwa na unaona kabisa mlango unazibwa. Hukusema hivyo.

Hilo la barua ya kupunguzwa kazi liache leo leo. Fao la kukosa ajira ni la aliyeondolewa kazini kweli, si aliyeacha kwa hiari yake. Kiwango ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwako ni kama laki sita kwa mwezi, jumla milioni 3.6, ambayo haifungi hata deni la kadi. Wanaokushauri bado wana picha ya zamani, enzi za fao la kujitoa, mtu aliacha kazi akabeba michango yake yote. Mlango huo ulifungwa. Na barua ya uongo ni udanganyifu wenye jina lako na jina la aliyekusainia. Kwa milioni 3.6, dada yangu, hapana.

Sasa tuangalie kadi, maana umenitumia picha ya stetimenti na nimeisoma vizuri. Deni 6,200,000. Riba asilimia 3. Malipo ya chini kabisa, 310,000. Wewe unaona umelipa laki tatu na ushee kila mwezi bila kukosa, na ni kweli hujakosa hata mwezi mmoja. Lakini katika hiyo 310,000, shilingi 186,000 ni riba ya mwezi huo. Deni lenyewe limepungua 124,000 tu. Halafu nikashuka chini kwenye orodha ya matumizi: tarehe 19 ulilipia luku na supamaketi kwa kadi hiyo hiyo, jumla 138,000. Yaani ulipunguza 124,000 ukaongeza 138,000. Ndiyo maana tangu mwaka juzi deni limekaa pale pale kama jiwe la mtoni.

Benki inaandika asilimia 3 na inaonekana ndogo. Kwa mwaka ni 36, na ikizaa juu ya riba yake inapita 42. Mkopo wako wa mshahara, kwa marejesho ya 385,000 na miezi 26 iliyobaki, unatembea kwenye asilimia 16 kwa mwaka, ambayo ni kawaida kwa mabenki yetu. Mfuko wa Ukwasi ukifanya vizuri unakupa kama asilimia 12. Weka hizo tatu mezani. Vipande vyako vya 7,400,000 vinakuletea karibu 74,000 kwa mwezi. Kadi peke yake inachukua 186,000 mwezi huo huo. Unajivunia akiba, kumbe kila mwezi unalipa kama 112,000 kwa ajili ya kujivunia.

Na hili jina, Ukwasi. Mfuko huo umetengenezwa kwa ajili ya fedha ya kuingia na kutoka: hukatwi ukiingia, hukatwi ukitoka, na ukiuza pesa inafika benki ndani ya siku chache za kazi. Wewe umeuita wa uzeeni na mimi naheshimu nia hiyo, lakini uzeeni wako hasa uko NSSF, na hakuna anayeweza kuugusa kabla ya wakati, hata wewe. Hiyo ni neema. Huku kwingine ni pesa yako ya dharura, na dharura yenyewe imeshafika.

Mikopo ya mtandaoni ndiyo ya kulipa kwanza, ingawa ni midogo. Umenielezea mmoja: umeomba 200,000, simu imepokea 160,000, na baada ya siku 14 unatakiwa kurudisha 200,000. Shilingi 40,000 juu ya 160,000 ni asilimia 25, kwa wiki mbili. Ukiikosa siku hiyo unakopa kwa wa pili kulipa wa kwanza, na hivyo ndivyo mmoja umekuwa mitano. Unasema kwa mwezi inakula kama laki nne za kuzungusha tu. Tupige hesabu ya mfuko wako: 1,306,000, toa 385,000 ya mkopo wa mshahara, toa 310,000 ya kadi, toa 400,000 ya mitandaoni. Inabaki 211,000 ya kula, nauli, na mengine ya mwezi mzima ndani ya Dar es Salaam. Hata malaika angekopa tena tarehe 15.

Kabla hujalipa hiyo mitano, fanya kitu kimoja. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, na Novemba mwaka huo ikataja majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Angalia kama wako wamo. Mwenye leseni ya daraja la pili, yaani mkopeshaji asiyepokea amana, ana ukomo wa riba, asilimia 3.5 kwa mwezi, na hiyo 25 kwa wiki mbili haiingii humo kwa mlango wala kwa dirisha. Sikwambii usilipe, ulichopokea kilipe. Lakini ukijua nani ana leseni na nani hana, unajua unaongea na nani simu ikipigwa. Lipa kupitia njia rasmi iliyo ndani ya programu, usitume kwenye namba ya mtu anayejiita afisa makusanyo. Meseji za malipo zipige picha uzihifadhi. Ukishamaliza, futa programu na uondoe ruhusa ya kusoma majina yako ya simu. Kama wameshawatumia ndugu na majirani ujumbe wa kukuaibisha, hilo nalo lina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Benki Kuu pia inapokea.

Mpango wenyewe basi. Uza vipande vya 6,400,000. Acha 1,000,000 ndani, hiyo usiiguse hata kama utaona kadi imebaki kidogo, maana mtu asiye na hata milioni moja pembeni anarudi mitandaoni mtoto akiumwa usiku. Katika 6,400,000, lipa 1,900,000 ya mitandaoni siku moja, yote mitano. Iliyobaki, 4,500,000, ingiza kwenye kadi. Kadi inashuka hadi 1,700,000.

Mwezi unaofuata huna laki nne za mitandaoni. Peleka kwenye kadi 450,000 kila mwezi. Nimeipiga: mwezi wa kwanza riba ni 51,000 tu, inabaki 1,301,000. Wa pili 890,000. Wa tatu 467,000. Wa nne inabaki kama 31,000, wa tano unamalizia chenji. Na mfukoni, wakati wote huo, una 471,000 badala ya 211,000. Bado ni kubana, lakini mtu anapumua.

Ukiona miezi mitano ni mirefu, SACCOS ya kazini inaweza kukukopesha hiyo 1,700,000 kwa riba ndogo kuliko kadi. Nyingi zinatoa hadi mara tatu ya akiba. Kuongeza mkopo wa mshahara juu ya ule wa zamani sikushauri. Unalipia ada na bima upya, na miezi 26 inageuka 48 hivi hivi unaangalia. Huo mkopo wa mshahara wenyewe uache uende zake. Ndio deni lako zuri kuliko yote, linakatwa kabla hujaliona, na linakwisha ukikaribia miaka 57.

Sasa sehemu inayonitia wasiwasi. Mwaka 2016 nilifanya hivi hivi. Nilikuwa na deni la kadi la milioni 3 kwenye benki moja hapa mjini, nikatoa akiba yangu ya ushirika nikalipa lote, nikatoka pale nimenyoosha mabega. Kadi nikairudisha kwenye pochi, nikasema ya dharura. Dharura ya kwanza ilikuwa harusi ya mdogo wangu Morogoro. Ya pili friji. Ya tatu sikumbuki, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Baada ya miezi 14 nilikuwa na deni la 2,800,000 na akiba sifuri. Mtu mwenye akili zake, tena anayewashauri wengine.

Kwa hiyo ile siku ya chenji ya mwisho, usikate kadi kwa mkasi tu. Ukikata plastiki akaunti inabaki hai na ada ya mwaka inaendelea. Nenda tawini na barua ya kufunga akaunti ya kadi, na usiondoke bila barua yao inayosema hudaiwi. Hiyo barua itunze, maana taarifa zako ziko pia kwenye kampuni za kumbukumbu za mikopo, na siku moja mtu ataziuliza. Luku na supamaketi zihamishie kwenye pesa taslimu au kadi ya kawaida leo, kabla hata hujauza kipande kimoja.

Na michango. Nimeona kwenye orodha yako: kamati tatu za harusi kwenye WhatsApp, moja umeahidi 300,000. Toa 50,000, andika "Mungu awabariki", nyamaza. Kamati hazimfukuzi mtu, zinamwandika chini ya orodha. Hakuna aliyekufa kwa kuandikwa chini ya orodha.

Kadi ikishafungwa, ile 450,000 igawe. Chukua 250,000 irudi UTT kwa maagizo ya kudumu benki, siku ya mshahara, kabla hujaishika. Ndani ya miezi kama 26 umerudisha 6,400,000 yote, bila kuhesabu faida, na bado unakuwa na karibu miaka mitatu kazini kabla ya 60.

Jambo moja la NSSF kabla sijasahau. Hesabu zote hapo juu zinasimama kwenye miezi 240. Umeiona kwenye taarifa yao, au umehesabu mwenyewe tangu ulipoajiriwa? Ni vitu viwili tofauti. Nenda ofisi yao ya karibu, kwako nadhani ni Ilala, au chukua taarifa kwa simu, upitie mwezi kwa mwezi. Mwajiri anaweza kukukata kwenye slipu na asipeleke. Kukuta shimo la miezi 14 sasa, ukiwa bado ndani ya kampuni na slipu ziko kwenye faili, ni kazi ya wiki chache. Kulikuta ukiwa na miaka 60 na kampuni imebadilisha jina mara mbili ni kesi. Na kumbuka pensheni ya kila mwezi inahitaji angalau miezi 180. Wewe uko juu ya hapo, lakini hakikisha kwa macho.

Limebaki la baba watoto. Ulilitaja kwa mstari mmoja mwishoni, na nadhani ndilo lililokufanya uniandikie mimi badala ya kukaa naye mezani. Mtu mwenye deni la siri hutafuta njia itakayolifuta lote kwa siku moja, ili pasiwe na cha kueleza. Mkupuo ulikuvutia kwa sababu hiyo pia. Mpango wangu ni wa miezi mitano ya kubana, na huwezi kubana nyumba miezi mitano mwenzako hajui kwa nini wali umepungua nyama. Mwambie Jumamosi, kabla ya kuuza vipande. Chukua stetimenti ya kadi, chukua karatasi ya hesabu hii, mkae. Anza na kiasi, 8,100,000, kitamke chote kwa mara moja, usianze na elfu tisini. Atakasirika. Akimaliza, mwonyeshe mwezi wa tano.